Kamba za Miguu Kwenye Meza ya Uhamiaji

Siku ya kuniaga ofisini, baada ya keki na hotuba, Gloria aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki namna ya kuandaa faili la mtu anayekwenda Tailandi kutalii. Alidhani ni kazi ya ukurasa mmoja, na mimi pia nilidhani hivyo. Tangu siku ile ninakaa kwenye baraza ya nyumba yangu huku Annexe, pembeni ya Lubumbashi, mbele ya mashina yangu ya mahindi, ninaandika na kufuta. Kila ninapomaliza ukurasa huo, Gloria ananitumia ujumbe kwamba sheria imebadilika tena. Basi nimeshika adabu. Mambo ya sheria mtayatazama wenyewe kwenye tovuti yao, asubuhi ya siku mnayojaza, kwa sababu ya jana yameshachacha. Mimi nitaandika ninayoyakumbuka, na hata hayo si yote ninayoyaelewa.

Niliingia ofisi ile ya kuandalia watu safari, katikati ya mji, nikiwa kijana mwenye tai moja na viatu vya kuazima. Aliyenipokea ni Mama Brigitte, ambaye wengi wenu hamkumwona. Alikuwa mfupi, miwani yake ilining'inia kifuani kwa cheni, na alikuwa hajapanda ndege hata mara moja. Alisema hana haja, kwa kuwa kila aliyemsafirisha alirudi na malalamiko. Siku ya kwanza hakunionyesha meza wala choo. Alinirushia pasipoti ya mfanyabiashara mmoja na kuniambia niisome.

Nikaanza na jina.

"Hapana," akasema. "Anza na siku itakufa."

"Mama, iko nzima bado. Inabakisha miezi mine."

"Ile si nzima, ile iko malade, mugonjwa. Mu ndege banaombaka miezi sita."

"Sasa imekufa ao haiyakufa?"

"Hapa kwetu iko nzima. Kule imekufa. Usibishane na miye, bishana na bo."

Nilikwenda nyumbani kichwa kikiniuma. Nilikuwa nimesoma shule kwa bidii, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kitu kinaweza kuwa kizima Lubumbashi na kikawa kimekufa huko kinakokwenda. Nimeifanya kazi hii mpaka nywele zikawa nyeupe, na bado sentensi ile naiona ya ajabu. Lakini ishikeni. Pasipoti isomeni kuanzia mwisho.

Somo la pili lilikuwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya njano. Sisi tunatoka katika nchi yenye homa hiyo, kwa hiyo wenyeji wa Tailandi wanataka kuiona kadi kabla hawajaitazama sura yako. Shida si sindano. Shida ni kwamba sindano ya leo haikusaidii leo, inaanza kuhesabika baada ya siku kumi. Nimewaona watu wazima, wenye maduka na wake wawili, wakinishika mkono na kuniomba nimweleze daktari kwamba ugonjwa wenyewe wataanza kuuogopa wiki ijayo. Niliwahurumia, na niliwaambia wabadilishe tarehe ya tiketi.

Vifaa vyetu vya wakati ule vilikuwa shuka jeupe lililopigiliwa ukutani kwa ajili ya picha, mkasi, gundi, na mashine ya kutoboa karatasi iliyokuwa nzito kiasi cha kuulia mbwa. Ubalozi ulikuwa katika nchi nyingine kabisa, na pasipoti zilisafiri kwenda huko bila wenyewe. Mteja alikuwa anakuja kila asubuhi kuuliza kama pasipoti yake imefika, imelala wapi, inakula nini. Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu: viza, uthibitisho wa hoteli, mpaka ile kadi ya kuwasili ambayo msafiri anaijaza kabla ya kupanda ndege. Gloria anabonyeza mara chache tu, shughuli imekwisha. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma yake na kuuliza, "Imeenda?" Anajibu, "Imeenda, papa." Imeenda wapi, sikuwahi kuona.

Lakini kifaa kikubwa kuliko vyote kilikuwa koti la bluu lililotundikwa nyuma ya mlango. Mama Brigitte alilivaa kwa jambo moja tu, nalo aliliita répétition, yaani mazoezi. Kabla mteja hajaondoka, alisimamishwa mbele ya meza, Mama Brigitte akavaa koti, akavaa miwani, akawa afisa wa uhamiaji. Akamuuliza anakwenda kufanya nini. Na jibu lilikuwa moja, awe ni muuza nguo, awe anakwenda kutibiwa mgongo, awe anamfuata mchumba: tourisme, utalii. Akiongeza neno, anarudishwa mlangoni na kuanza upya. "Muntu akipanua maneno, beye banapanua maulizo," Mama Brigitte alikuwa anasema. Alipostaafu alinivalisha koti lile mwenyewe. Mikono yake ilikuwa mifupi kwangu, lakini nililivaa kwa fahari, na nikawa afisa wa uhamiaji wa Lubumbashi nzima.

Kesi ngumu zilikuwepo. Nawakumbuka maharusi fulani waliotaka kwenda kupumzika ufukweni baada ya harusi. Siku ya kujaza faili walikuja wanne: bwana harusi, bibi harusi, na wasimamizi wao, parrain na marraine, wamekaa katikati. Nikauliza wazee wamekuja kuwasindikiza? Parrain akanijibu kwa upole kwamba ndoa bado changa, haiwezi kuachwa peke yake ugenini. Hoteli ilikuwa na chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Marraine akasema hakuna shida, wao watalala salon, pale sebuleni. Nikaeleza kwamba chumba cha hoteli hakina salon. Wakatazamana, na ninyi mngewaona mngedhani ni mimi niliyesema upuuzi. Mwishowe walisafiri wote wanne, kwa vyumba viwili, na ndoa ile ipo mpaka leo, kwa hiyo sijui ni nani aliyekuwa na akili.

Nayasema haya ili muone jambo lililonisumbua miaka yote. Niliandika neno tourisme kwenye mafaili mengi kuliko jina langu, na mtalii mwenyewe sikuwahi kumpata. Hapa kwetu mtu anasafiri kwa sababu ana kazi, ana mgonjwa, ana msiba, ana ndugu. Mtu wa kufunga mlango wake, avuke dunia, akaangalie tu kisha arudi, huyo tulimsikia tu. Nilikuwa nawafundisha watu kuwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikujua kinafananaje.

Kisha, miaka yangu ya mwisho ofisini, akaja Mama Ndaya.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, amevaa kitambaa cheusi kichwani kuonyesha kwamba matanga bado hayajamtoka vizuri. Alitandika juu ya meza yangu kalenda ya zamani, iliyokunjwa mara mbili. Niliitambua mara moja. Ni moja ya zile kalenda ambazo ofisi yetu ilikuwa inagawa kila mwaka mpya, na picha yake ilikuwa bahari ya kijani ya Tailandi, na katikati ya maji yale majabali marefu, yamesimama peke yake kama mashina ya miti iliyokatwa.

"Papa Célestin, fasi hii iko wapi?"

"Iko Thailande, mama. Unaenda kununua bintu?"

"Hapana. Minaenda kuangaria ile majiwe."

"Ee. Lakini unaenda kufanya nini?"

"Minasema, kuangaria majiwe."

Niliweka kalamu chini. Nikamuuliza kama ana mtoto huko. Hana. Mgonjwa? Hapana. Kuna mchungaji aliyemwalika? Hakuna. Gloria aliacha kuandika na kugeuza kiti chake.

Ndipo akatueleza. Mume wake alikuwa mtu wa migodi, ujana wake wote na uzee wake aliutumia katika mashimo ya shaba. Mwishoni alilala kitandani muda mrefu, na ukutani mbele yake hapakuwa na kitu ila kalenda yetu. Mwaka wa kalenda ukaisha, akakataa isitolewe. Kila siku alikuwa anayatazama majabali yale na kuuliza swali moja.

"Alikuwa anasemaka, 'Ndaya, jiwe haisimamake vile yenyewe. Lazima kuko muntu alichimba pembeni yake. Ni nani alichimba? Na udongo alipeleka wapi?' Miye namujibu, 'Siyue, papa.' Anasema, 'Nikipona, tutaenda kuangaria.' Hakupona. Sasa miye njo minaenda."

Gloria, kwa moyo mzuri kabisa, akachukua simu yake na kutafuta. Baada ya muda mfupi akatusomea kwamba ni mawe ya chokaa, kwamba maji na mvua vilikula sehemu laini zamani sana na ngumu zikabaki. Jibu lilikuwa safi. Mama Ndaya alilisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasema, "Ile ni ya telephone, mwanangu. Bwana yangu aliniambia tutaenda kuangaria."

Nikiri kwamba sikuelewa. Nilifikiri ni huzuni, na kwamba huzuni itapungua na faili litalala. Badala yake alirudi, na pasipoti nzima hata huko inakokwenda, na kadi ya njano yenye siku zake. Aliyekuja baada yake ni shemeji yake, Papa Mbayo, mdogo wa marehemu, mtu mkubwa mwenye fimbo. Alikaa bila kukaribishwa.

"Papa Célestin, ule bibi ya mukubwa yangu anakimbia?"

"Anasema anaenda kuangaria majiwe."

"Majiwe! Huku tunakosa majiwe? Katanga muzima ni majiwe!"

Ndivyo nilivyofikiri mimi mwenyewe. Akaniambia familia ilikuwa imekaa kikao. Wengine walisema mjane haendi mbali namna hiyo, wengine walisema ana bwana mpya huko kwa Wachina, na Papa Mbayo hakujali nilipomwambia si kwa Wachina. Walikuwa wamekubali kwa shingo upande. Safari ni hii moja tu. "Bakimurudisha mu njia," akasema, "aibu itakuwa yetu wote, na hatatoka tena mu parcelle ya nyumba. Miye mwenyewe nitafunga mulango." Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo maana nilimwamini.

Kwa hiyo nilimwandaa Mama Ndaya kuliko mteja yeyote. Nilivaa koti. Nikamsimamisha. Nikamuuliza anakwenda kufanya nini, akaanza, "Bwana yangu alikuwa na kalenda," nikamkatiza na kumrudisha mlangoni. Nilimweleza kwamba ukimtaja marehemu, watataka cheti cha kifo, na ukisema majabali, watadhani unatafuta madini. Sema tourisme. Akarudia. Kila alipotaka kuongeza neno, nilinyanyua kidole, naye akalimeza. Mwishoni alikuwa anajibu vizuri sana, bila hata kupepesa macho, na mimi nilifurahi. Viza ilitoka kwenye simu ya Gloria asubuhi moja, tukapiga makofi.

Nilikwenda Luano, kwenye uwanja wa ndege, siku ya kuondoka kwake. Ninyi mnajua tunavyosindikizana. Palikuwa na wanakwaya, palikuwa na majirani, palikuwa na mama mmoja aliyelia ambaye hakuna aliyemjua. Na kama kawaida, kila mtu alikuwa na agizo. Msafiri wetu anayekwenda ng'ambo hawezi kurudi bila viatu vya watoto, na namba za viatu vya huko si za huku, kwa hiyo tunapima mguu wa mtoto kwa kamba, tunakata, tunafunga kidonge cha uzi wa rangi ili zisichanganyike. Mama Ndaya alipokea kamba moja baada ya nyingine na kuzitia kwenye mkoba wake wa mkononi. Hata Papa Mbayo, baada ya maneno yale yote, alitoa kamba za wajukuu wake mfukoni. Aliniona namtazama, akakohoa na kuangalia ndege.

Simu ililia kesho yake, ofisi ikiwa imejaa wateja. Namba ilikuwa ndefu na ngeni. Gloria akaiweka ili sote tusikie, na sauti ya mwanamke, tulivu, ikasema kwa Kiingereza kwamba ni afisa wa uhamiaji katika uwanja wa ndege wa Bangkok, na kwamba namba yetu ameikuta kwenye bahasha ya abiria. Kiingereza changu ni cha kuulizia uzito wa mizigo. Gloria ana kidogo zaidi. Kwa pamoja tulikuwa na mtu mmoja anayesikia nusu.

Tulichoelewa ni hiki. Abiria ana viza, ana tiketi ya kurudi, ana hoteli, ana kadi ya njano, kila kitu kipo. Lakini hajibu maswali. Afisa alikuwa amempigia mtu wao anayejua Kifaransa, naye akamuuliza jina la hoteli, akajibu tourisme. Akamuuliza nani kamlipia tiketi, akajibu tourisme. Akamuuliza anajisikiaje, maana ameonekana kuchoka, akajibu tourisme, na mtu yule wa Kifaransa akakata tamaa, akakata simu. Wateja walioketi ofisini walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sauti ile niliijua, ilikuwa ya koti la bluu.

Halafu kulikuwa na kamba. Walipofungua mkoba walikuta kamba nyingi zilizofungwa vidonge vya rangi, na hawakujua ni nini. Mmoja alidhani ni dawa za kienyeji. Afisa yeye alidhani ni vipimo vya bidhaa, kwamba huyu ni mfanyabiashara anayejiita mtalii. Akauliza: ni dawa au ni biashara? Akaongeza, kwa sauti ile ile tulivu, kwamba kama hapati maelezo, ndege iliyomleta inarudi leo, na abiria atarudi nayo.

Nikamwona Papa Mbayo mbele ya macho yangu, amesimama kwenye mlango wa parcelle na fimbo yake. Nikaomba nizungumze na abiria.

"Mama Ndaya?"

"Tourisme," akasema.

"Mama, ni miye, Célestin."

Kisha nikasikia pumzi yake. "Papa Célestin, banafungua mukoba yangu. Banashika kamba za batoto."

"Mama, sema kweli sasa."

"Kweli gani? Ile ulinikataza?"

"Ile ile."

"Non. Uliniambia nikisema majiwe, banasema minatafuta madini."

"Mama, miye sasa siyue tena. Sema tu. Tutatafsiri."

Akasema. Alianza na kalenda, akapita kwenye kitanda, akafika kwenye swali la udongo ulipelekwa wapi, na sisi tukimfuata nyuma kwa Kiingereza kilichochechemea. Nilisema "mawe". Nilisema "baharini, yanasimama". Gloria akatafuta picha ya kalenda kwenye simu yake nyingine na kumtumia afisa. Upande wa pili palikuwa na mazungumzo kwa lugha yao. Kisha afisa akarudi na kuuliza: na kamba?

"Mwambie ni miguu," akasema Mama Ndaya.

Nikasema ni miguu. Afisa akaniomba nirudie. Nikarudia. Basi akaziweka juu ya meza, tulisikia hivyo, na akaanza kuinua moja moja na kumuuliza mwenyewe. Mama Ndaya hakungoja tafsiri.

"Hii nyekundu ya Mwamba, eko anaanza masomo. Hii ya Kapinga. Hii ya mutoto wa jirani, simujue jina. Hii ya Mbuyi na Kabanga."

Afisa akauliza kwa nini watoto wawili wana kamba moja.

"Juu beko mapacha," akasema Mama Ndaya, kana kwamba jambo hilo linajieleza. Gloria akatafsiri. Nikasikia mtu huko akicheka kidogo, si kwa ubaya.

Nami nikapata wazo, na nilijivunia. Nikamwambia afisa, neno kwa neno, kwa Kiingereza changu cha mizigo: mtu mwenye miguu ya familia nzima mkobani, huyo lazima arudi nyumbani. Hawezi kukimbia, wanangojea viatu. Nilianza kuamini kwamba tumevuka.

Kisha akasema imebaki moja. Hii ni ndefu, imechakaa, haina uzi wa rangi. Ni ya mtu mzima. Ni ya nani?

Ofisini kwetu wateja walikuwa wameacha kucheka, na mmoja alizima redio. Nikamwita. Nikamwambia, mama, jibu tu, hata kama ni agizo la Papa Mbayo.

"Ile si ya kununulia," akasema. "Ni ya bwana yangu. Njo kamba tulipimia biatu ya kumuzikia."

Ninyi vijana labda hamjawahi kutumwa kazi hiyo. Mtu akifa, mmoja wa nyumbani anampima mguu kwa kamba na kwenda sokoni kumtafutia viatu vya mwisho, na kamba ile hutupwa. Yeye hakuitupa.

"Aliniambia tutaenda," akasema. "Alisema *tutaenda*, siye wawili. Miye nilifikiri, nikifika pale pa maji, nitamuwekea muguu yake chini. Asimame. Aangarie mwenyewe."

Nilifungua mdomo kutafsiri na Kiingereza kikaniishia. Nilisema mume. Nilisema amekufa. Nilisema mguu. Nikaanza upya, mguu wa mume, na Gloria, ambaye angenisaidia, alikuwa amegeukia ukuta. Nilijua kabisa kwamba ninachosema kinasikika kama wazimu, na kwamba Mama Brigitte angenirudisha mlangoni.

Afisa akauliza swali fupi, polepole, ili nielewe. Aliuliza kama mume huyu aliwahi kufika Tailandi.

Nikamuuliza Mama Ndaya.

"Hapana," akasema. "Njo mara yake ya kwanza."

Nikatafsiri. Na mara tukasikia muhuri ukigonga, ko, na afisa akasema neno kwa lugha yao, halafu akatuaga. Simu ikakatika. Mteja aliyekuwa na zamu mbele yangu, mwanamume aliyekuja kwa ajili ya mashine za kutengenezea barafu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama yeye pia aseme kweli. Nilimwambia sijui, aje kesho.

Gloria ameniuliza mara nyingi kama répétition ziendelee. Koti nimeliacha nyuma ya mlango, mtaamua wenyewe. Wengi walipita kwa neno lile moja na wakarudi salama, na mmoja karibu arudishwe nalo, tena ndiye pekee aliyekuwa mtalii kweli. Sijui sheria gani inatoka hapo. Nimeifikiria mpaka mahindi yangu yamekomaa.

Mama Ndaya alirudi. Familia nzima ilikwenda Luano, na viatu viligawiwa pale pale kwenye maegesho, watoto wakavivaa juu ya vumbi. Mapacha walipata jozi mbili za kipimo kimoja, na mguu wa Kabanga ukakataa kuingia, kumbe amempita mwenzake. Papa Mbayo alimbebea shemeji yake sanduku na hakusema neno kuhusu mawe ya Katanga.

Wiki hiyo Mama Ndaya alikuja ofisini kutushukuru. Hakuwa tena na kitambaa cheusi. Tulimketisha, Gloria akaleta fanta, na mimi nikauliza lile ambalo lilikuwa linaniwasha tangu siku ya simu.

"Sasa mama, uliona? Yanasimama namna gani, ile majiwe?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nyumba ya jirani.

"Papa Célestin, hata sikuangaria majiwe."

"Mama! Ulienda mpaka kule!"

"Nilifika pale, nikatandika kamba juu ya muchanga. Maji inakuya, inarudi, inakuya tena, inataka kuipeleka. Wakati yote niliinama, nilikuwa namushika."